Kung'aa Sawa, Lakini Kung'aa Rangi Gani?

Kila msupa mwenye amewahi simama kwa kaunta za meikapu pale Dubois Road, tao, anajua hii line: hii ni ya ngozi kavu, hii ni ya ngozi ya mafuta, chagua moja tukufungie. Si mbaya. Lakini tukifika kwa faundesheni za kung'aa, zile chupa imeandikwa luminous ama glow, kuna swali linafaa kuja kabla ya mafuta na ukavu, na wauzaji wengi hawaligusangi: huo mng'ao wenyewe ni rangi gani? Kwa melanini yetu hapo ndio mambo huamuliwa. Hapo ndio unatoka keja ukiwaka, ama unatoka umepauka na bado ulilipa doo mob.

Wacha nikuchanue venye hii kitu hufanya kazi. Faundesheni kavu, ile haing'ai, hujazwa unga ka silika, talki ama kaolini. Huo unga unafyonza mafuta na kutawanya mwanga kila upande, ndio maana sura inatulia. Ya kung'aa nayo inawekwanga maika. Maika ni jiwe lenye huchimbwa, likapasuliwa kuwa vigamba vyembamba hadi huwezi ona kimoja kwa macho. Ukipaka, vigamba vinalala bapa juu ya ngozi, na jua likigonga linarudishwa upande mmoja, ka mabati mpya ya Kayole saa sita mchana. Alafu watengenezaji hufunika hivyo vigamba na safu ya titani daioksaidi. Unene wa hiyo safu ndio huchagua rangi. Ikiwa nyembamba, mng'ao ni wa silva. Ikiongezwa kidogo inageuka dhahabu, ikizidi inaenda wekundu, mbele zaidi ni bluu na kijani. Kuna zingine hufunikwa na oksaidi ya chuma, na hizo ndio hutoa mng'ao wa shaba na bronzi.

Skiza hapa poa, ju hii ndio roho ya stori. Si mwanga wote unarudishwa na maika. Mwingine unapita katikati ya vigamba ukaingia chini. Kwa ngozi nyeupe, huo wenye umepita unagonga ngozi unarudi juu tena, unachanganyikana na ule wa kwanza, na rangi ya maika inafifia. Unabaki na mng'ao mpole tu. Kwa ngozi nyeusi, ule wenye umepita unamezwa na melanini. Haurudi. So kenye jicho linaona ni rangi ya maika ikiwa peke yake, wazi, bila kitu ya kuipunguza. Chupa moja, mlami akipaka anakaa ka ametoka likizo, mimi nikipaka nakaa na ukungu wa kijivu kwa mashavu. Madem wengi wakiona hivyo wanaamini ngozi yao ndio iko na shida, wanarudi kujisugua na kujipaka vitu zingine juu. Ngozi yako haina noma yoyote. Maika ilichaguliwa na mtu mwenye alikuwa anafikiria sura ingine.

Na hii haijaanza jana. Iman, yule modo, alizaliwa Mogadishu, na alikuwa anasoma Yunivasiti ya Nairobi wakati Peter Beard alimpiga picha 1975. Kufika New York, akapata wapakaji wa majarida hawana kitu inafanana na ngozi yake, akaanza kujichanganyia mwenyewe. 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi. Miaka sita baadaye, 2000, Giorgio Armani wakatoa Luminous Silk, ile wapakaji wengi bado huheshimu ka mama ya hizi zote za kung'aa. 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ikaingia na sheidi 40 siku ya kwanza, na Mei 2022 ikafika Kenya rasmi. Hiyo ilikuwa siku kubwa, hata wenye hawakununua walijua. Lakini cheki: faundesheni ya kwanza ya Fenty ilikuwa ya upande wa kavu. Dunia yote ikaanza kushindana kwa idadi ya sheidi, na mimi naona swali la mng'ao lilibaki nyuma. Unaweza pata kampuni iko na sheidi 30 safi za weusi, na ndani ya zote wameweka maika ileile ya silva.

So fanya hivi. Chukua tone moja, usipake kwa uso, paka nyuma ya kiganja, sambaza hadi iwe nyembamba kabisa. Toka nje ya duka, simama kwa jua la kawaida, alafu geuzageuza mkono. Usicheki rangi ya faundesheni saa hiyo. Cheki rangi ya kenye kinametameta. Ukiona weupe ama ukaribu wa waridi baridi, na wewe ni mweusi wa kushiba, wacha hapo. Ukiona dhahabu, ujue watu wengi wa kahawia watabebana nayo. Ukiona shaba ama bronzi, hiyo ndio hufanya ngozi nyeusi tititi ikae na uhai, yaani inawaka kutoka ndani bila kubadilisha rangi ya mtu. Wenye tunaita rangi ya thao wanaweza enda dhahabu nyepesi, na wachache wao hata silva inawakubali. Usifanye hiyo kazi ndani ya duka, ju zile taa nyeupe za dukani zinafanya kila kitu ikae poa.

Nyuma ya boksi pia inaongea ukijua kuisoma. CI 77019 ni maika. CI 77891 ni titani daioksaidi. CI 77491 ni oksaidi ya chuma nyekundu, 77492 ya manjano, 77499 nyeusi. Usijaribu kupima ni gani iko mob kwa kuangalia nani ameandikwa kwanza, ju rangi huruhusiwa kuwekwa mwisho wa orodha kwa mpangilio wowote. Kuna jina ingine refu: synthetic fluorphlogopite. Hiyo ni maika ya kutengenezwa kiwandani. Mimi nikiwa na choice naichukua hiyo, na si ya urembo pekee. Maika mingi ya kuchimbwa imetoka Jharkhand na Bihar kule India, na kwa yale mashimo kumekuwa na watoto wakiokota vigamba badala ya kuwa shule. Sipendi kubeba hiyo kwa mashavu yangu.

Haya, sasa tuingie kwa aina za ngozi.

Ngozi kavu ndio hufaidi zaidi, na sitakaa sana hapa. Faundesheni za kung'aa hubeba gliserini, silikoni na mafuta kidogo, so hazishiki ile mikwaruzo na magamba yenye faundesheni kavu hutangaza. Baridi ya Julai Nairobi, midomo imepasuka na mashavu yamekazana, hii ndio wakati yake. Shida ni moja: kung'aa hakulishi ngozi. Ka hujapaka mafuta ya uso na kuyapa muda yaingie, saa nane mchana ngozi itakuwa imefyonza unyevu wa faundesheni na kuacha vigamba vya maika vimekaa juu peke yao, na hapo unaona vumbi inametameta. Na najua kwetu wengi tumelelewa na Arimis. Jeli ya kukamulia ng'ombe imeokoa miguu ya watoto wengi wa hii nchi, heshima zake. Lakini chini ya faundesheni inateleza. Ipake usiku, asubuhi tafuta kitu nyepesi.

Ngozi ya mafuta ndio imepigwa vita, na hapa nataka tusimame kidogo. Manzi wa ngozi ya mafuta ameambiwa tangu high school akae mbali na kitu yoyote inang'aa, ajimwagie poda hadi akauke. Matokeo unayajua: kufika saa tano poda imechanganyika na mafuta, imejikusanya kando ya pua, anaongeza ingine juu, na jioni uso umekuwa mzito. Mafuta ya ngozi hutoka zaidi kwa paji, pua na kidevu. Mashavu ya juu na mfupa wa shavu mara nyingi viko tulivu. Kwa nini uadhibu uso mzima ju ya sehemu tatu? Weka faundesheni kavu katikati ya uso, na ile ya kung'aa uiweke kwa mashavu pekee, kuanzia mfupa kwenda karibu na sikio. Mbili tofauti, sheidi moja. Mtu akikuangalia anaona ngozi yenye afya, haoni mafuta.

Ukweli lazima niuseme pia. Ukipaka ya kung'aa uso mzima na uko na mafuta mob, itakuangusha. Mafuta yako yanalainisha ile filamu, inaanza kutembea, na mng'ao wa maika ukiongezwa juu ya mng'ao wa mafuta jicho halitofautishi tena. Kingine, rangi inashuka. Faundesheni ikishikana na mafuta na hewa hugeuka, mara nyingi inakuwa nyeusi zaidi ama inaenda machungwa. Ndio maana usinunue sheidi dakika ile umepaka. Paka kwa taya, zunguka tao, nunua maji, rudi baada ya nusu saa ucheki. Muuzaji mzuri atakungoja. Na mchana ukianza kuwaka vibaya, serviet ya kibanda inatosha: bonyeza, inua, bonyeza pengine. Usisugue.

Alafu kuna hii ya kuruka mafuta ya uso ati ju ngozi tayari iko na mafuta. Ngozi inaweza toa mafuta mob na bado ikakosa maji. Hiyo ndio ngozi yenye inang'aa kwa pua na inakazana kwa mashavu ukimaliza kuoga. Tafuta ile ya jeli, nyepesi, paka kidogo.

Sasa wenye vipele na makovu. Mng'ao hauangalii rangi ya doa, unaangalia urefu wake. Doa bapa, lile jeusi lenye chunusi iliacha na kuondoka, halina tatizo na maika. Unaliziba kwanza na rangi ya machungwa kidogo tu, ju machungwa huua ule ukijivu wa doa kwa ngozi nyeusi, alafu faundesheni ya kung'aa inapita juu safi. Lakini kipele kimeinuka, ama shimo la kovu, hiyo ni hadithi ingine. Mwanga unakaa juu ya kilima, kivuli kinabaki kando, na kitu kilikuwa kidogo kinakuwa kikubwa. Hapo weka kavu, papohapo tu, gongagonga na kidole. Faundesheni za kung'aa pia ni nyepesi, hazizibi sana. Ukijikuta unaongeza safu ya nne kuziba, jua umechagua kazi yenye hiyo chupa haikutengenezewa.

Na niongee na manzi mwenye hunyoa kidevu kila wiki na anaficha hata beste yake asijue. Uko na wenzako wengi kuliko unavyofikiria. Vile vipele vya wembe kidevuni usiviwekee mng'ao, lakini pia usivizike na poda nzito, ju vikizibwa vinakasirika zaidi. Kavu nyembamba kidevuni, mng'ao mashavuni, na macho ya watu yanaenda penye mwanga uko. Na ka hizo nywele zinazidi ama mwezi wako unakuja vurugu, ona daktari. Inaweza kuwa homoni, na hiyo inatibika kwa daktari, si kwa kaunta.

Mathe wako akiomba umpake siku ya sherehe, chagua mng'ao laini kabisa, ule huwezi ona chembe hata ukikaribia. Maika kubwa huingia kwa mistari ya macho na kukaa hapo. Kwake weka kidogo juu ya mfupa wa shavu, chini ya macho uache bila.

Mahali unaishi pia ni aina ya ngozi, hivyo ndio naona. Nairobi iko juu, kitu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na tuko karibu na ikweta. Jua linachoma hata siku ya mawingu, lakini hewa si ya jasho sana, so ya kung'aa inadumu. Shuka Mombasa na chupa ileile uone. Jasho la kule halikauki haraka ju hewa tayari imejaa maji, na kufika saa nne faundesheni iko kwa kola ya nguo. Wasupa wa Pwani wenye wanajua kazi yao hupaka nyembamba kuliko sisi, na huweka mng'ao mwisho, kwa ncha ya kidole.

Na kwa sababu tumetaja jua: usiamini ile SPF ya faundesheni ikulinde peke yake. Namba ya kwa chupa hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na hakuna mtu hupaka faundesheni nene hivyo akatoka nje. Sanskrini inakuja kwanza, yake peke yake. Lakini kuna kitu poa hapa kwa wenye madoa meusi. Ngozi yetu haiharibiwi na miale ya UV pekee. Hata mwanga wa kawaida, huu tunaona nao, unaweza ongeza weusi wa madoa. Oksaidi za chuma, hizo 77491 na ndugu zake, husaidia kuuzuia. So faundesheni yenye imejaa rangi inakufanyia kazi mbili, na hapo ya kung'aa iliyo nyepesi sana inapoteza pointi, ju rangi yake ni kidogo. Mtu wa madoa mob, mimi ningemwambia apake yenye inaziba vizuri uso mzima, mng'ao uwe wa kuongezea.

Kitu ingine inaniuma. Kwa shelfu moja unaweza pata faundesheni ya kung'aa imekaa bega kwa bega na krimu za kubadilisha rangi, na zote zimeandikwa maneno yanafanana: glow, bright, radiant. Dem wa miaka 17 atajua aje tofauti? Faundesheni inaoshwa jioni. Krimu ya kujichubua yenye iko na zebaki inaingia kwa damu na inaharibu figo. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulisema vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni viishe kufikia 2020, na bado vinazunguka mtaani. Ukiona krimu inaahidi utakuwa mweupe kwa wiki, na boksi halina orodha ya kenye kiko ndani, wacha hiyo kitu hapo. Kung'aa na kuwa mweupe ni vitu viwili. Mweusi tititi akipaka mng'ao wa shaba vizuri, hakuna mtu atamfikia.

Doo nayo? Usiingie kwa mtego wa chupa ya jina kubwa kwa soo tatu. Hakuna venye faundesheni ya mangiri itauzwa bei ya chipo na soda, na feki haujui imechanganywa na nini. Afadhali hiyo soo tatu uongezee ununue ya kampuni ndogo yenye inajulikana. SuzieBeauty na Pauline zilianzishwa hapahapa Kenya. Ama fanya hivi: baki na faundesheni yako kavu yenye ishakubali ngozi yako, alafu nunua tone la mng'ao kando, la dhahabu ama shaba, uchanganye kidogo nyuma ya mkono kabla upake. Hiyo chupa ndogo itakukalia muda, na unaamua mwenyewe ni siku gani unawaka na siku gani unatulia. Tena cheki nyuma ya chupa kuna mchoro wa kopo limefunguliwa na namba ka 12M. Hiyo ni miezi baada ya kufungua. Ikipita, tupa, hata ka imebaki nusu.

Ka uko na ruracio ama harusi, kuna hatua moja watu husahau. Flashi ya kamera haifanyi ka jua. Unga wa silika ukizidi hurudi mweupe kwa picha, sanskrini yenye titani ama zinki pia, na mng'ao kwa paji unatoka ka jasho. So kabla uvae nguo, zima taa, mwambie beste yako akupige picha moja na flashi ya simu, uso mbele, na ingine kutoka kando. Penye pametoka kijivu, futa na sponji yenye unyevu, gonga faundesheni ya kawaida juu. Paji likiwaka, weka kavu. Mashavu yakitoka dhahabu, acha hivyo, vaa, mtoke.